Vyuo viwili binafsi vya afya, kozi moja ya utabibu: jinsi ya kuchagua kwa hesabu

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka napokea swali lile lile, vinabadilika majina ya vyuo tu. Kijana ana D zake za sayansi, vyuo viwili vidogo vya binafsi vimemkubali, kimoja ada ni milioni moja na laki tatu kwa mwaka, kingine milioni moja na laki saba na nusu. Apelekwe wapi? Mara nyingi anayeuliza ameshajijibu kimoyomoyo: cha bei ndogo. Anachotaka kwangu ni baraka.

Mwongozo huu ni wa kesi hiyo hasa: stashahada ya utabibu, miaka mitatu, NTA (ngazi za tuzo za elimu ya ufundi) ya 4 mpaka ya 6, hapa Tanzania Bara. Kama ni uuguzi, famasi au maabara, hatua ni hizi hizi. Kinachobadilika ni baraza la taaluma na masomo ya kuingilia. Nimeandika kana kwamba nazungumza na mzazi au mlezi anayelipa. Kama ni wewe mwenyewe unayekwenda kusoma, yote yanakuhusu vilevile, na pengine zaidi.

Ada ya mwaka wa kwanza iweke pembeni kwa sasa. Utakacholinganisha ni fedha yote itakayotoka mfukoni mpaka siku kijana anashika leseni ya kufanya kazi.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Fomu ya kujiunga ya kila chuo, nzima, pamoja na kurasa za malipo. Bango lililosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp halihesabiki.
- Mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati, wa mwaka huu. Unapakuliwa bure kwenye tovuti yao. Ukiuziwa steshenari, unalipia karatasi na wino tu.
- Matokeo ya kidato cha nne, yamechapishwa.
- Namba za simu za watu watatu kwa kila chuo: aliyeko mwaka wa pili, aliyeko mwaka wa tatu, na aliyemaliza. Wasiwe wamechaguliwa na chuo. Tafuta kanisani, msikitini, kwa majirani, kwa vijana wa sekondari aliyosoma mwanao.
- Daftari, kalkuleta, na nauli ya kwenda kuviona vyuo vyote viwili kwa macho.

Hilo la nauli ndilo watu hulikwepa. Unataka kutumia zaidi ya milioni kumi kwa miaka mitatu, halafu unaona uchungu kutoa elfu sitini za basi.

Hatua ya 1: Hakikisha kozi inatambulika, usiishie kwenye chuo

Fungua mwongozo wa NACTVET, tafuta jina la chuo, kisha shuka mpaka kwenye orodha ya kozi zake. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali na bado kozi unayoitaka isiwemo. Angalia pia hali ya ithibati na idadi ya nafasi walizoruhusiwa kwenye kozi hiyo. Iandike hiyo idadi, utaihitaji ukifika darasani kwao.

Chuo kisipoonekana kwenye mwongozo wa mwaka huu, piga simu ofisi ya kanda ya NACTVET kabla ya kuendelea. Baraza hilo limeshawahi kufuta usajili wa vyuo na kuvizuia vingine kudahili, na mwanafunzi ndiye anayebaki anahangaika na uhamisho.

*Angalizo:* cheti cha usajili kilichotundikwa ukutani ofisini kwa mkuu wa chuo kinaweza kuwa cha miaka iliyopita. Amini mwongozo wa mwaka huu.

Hatua ya 2: Pima sifa za kijana, bila huruma

Stashahada ya utabibu inadai ufaulu wa angalau D nne katika masomo yasiyo ya dini, na ndani yake ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Fizikia akipata F, hana sifa. Hapo usikubali maneno ya "mlete tu, tutajua mbele." Majina ya waliodahiliwa hupelekwa NACTVET kuhakikiwa, na asiye na sifa hukwama baada ya ada kuliwa. Chuo kinachokwambia hivyo kifute kwenye daftari siku hiyo hiyo, hata kama mwanao sifa anazo. Kimeshakuonyesha tabia yake.

Kama ana ndoto ya kuendelea mpaka shahada ya udaktari, ongeza jambo moja. Kwa utaratibu wa TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, mwenye stashahada ya utabibu anahitaji GPA isiyopungua 3.0, na kidato cha nne awe na D za Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Mwenye F ya Hisabati anaweza kuwa tabibu mzuri tu, lakini mlango wa MD, yaani hiyo shahada ya udaktari, utamgomea mpaka airudie. Ni afadhali ajue leo.

Hatua ya 3: Andika gharama zote za miaka mitatu

Hapa tumia muda wako. Chukua fomu mbili za kujiunga, chora safu mbili kwenye daftari, na ujaze kila kitu kwa miaka yote mitatu:

- ada ya masomo;
- michango: usajili, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, fedha ya tahadhari (ya vitu vikiharibika), ada ya udhibiti ubora ya NACTVET, mitihani ya ndani, mitihani ya Wizara ya Afya, ada ya fildi (mafunzo kwa vitendo nje ya chuo), bima ya afya (ile ya NHIF ya wanafunzi kwa miaka mingi imekuwa 50,400 kwa mwaka);
- malazi, yawe hosteli ya chuo au chumba cha kupanga;
- chakula;
- nauli ya kila siku kwenda hospitali ya mafunzo;
- sare, koti jeupe, kipimo cha presha, stetoskopu, vitabu.

Nikupe mfano wa namba nilizojitungia, na ili kurahisisha kila mwaka nimeuweka sawa, uone mchezo unavyokwenda. Tuviite Chuo A na Chuo B.

Chuo A: ada 1,300,000 kwa mwaka, jumla 3,900,000. Michango 450,000 kwa mwaka, jumla 1,350,000. Hakina hosteli, chumba ni 50,000 kwa mwezi kwa miezi kumi, miaka mitatu 1,500,000. Chakula 1,500,000 kwa mwaka, jumla 4,500,000. Hospitali ya mafunzo iko mbali, nauli 300,000 kwa mwaka, jumla 900,000. Vifaa 350,000. Yote kwa pamoja: 12,500,000.

Chuo B: ada 1,750,000 kwa mwaka, jumla 5,250,000. Michango 250,000 kwa mwaka, jumla 750,000. Hosteli 300,000 kwa mwaka, jumla 900,000. Chakula kile kile, 4,500,000. Hospitali iko ndani ya uzio mmoja na chuo, nauli hakuna. Vifaa 350,000. Yote: 11,750,000.

Kile "cha bei ndogo" kimezidi kwa 750,000, na bado hatujagusa matokeo. Kwako jibu linaweza kuwa kinyume kabisa. Kwa mfano, kama kijana atakaa kwa shangazi yake karibu na Chuo A, chumba na sehemu kubwa ya chakula vinaondoka. Ndiyo maana ushauri wa jirani, "mwanangu alisoma pale, ni nafuu," haukusaidii kitu. Unafuu wake ulikuwa na shangazi ndani.

*Kosa la kawaida:* kujaza mwaka wa kwanza kisha kuzidisha mara tatu. Kuna vinavyolipwa mara moja, kama usajili na sare, na kuna vinavyopanda mwaka wa pili na wa tatu, hasa fildi. Muulize mhasibu mwaka kwa mwaka, na mwombe akuandikie kwa muhuri. Mhasibu anayekwepa kuandika, muulize yule mwanafunzi wa mwaka wa tatu alilipa nini na nini. Atakutajia mpaka mia.

Hatua ya 4: Uliza wangapi walianza na wangapi walimaliza

Mitihani ya mwisho ya vyuo vya afya inaratibiwa na Wizara ya Afya, kwa hiyo wanafunzi wa vyuo vyote viwili wanakutana na mtihani ule ule. Hilo linakurahisishia ulinganisho. Tatizo ni jinsi vyuo vinavyotangaza matokeo hayo.

Tuseme, kwa mfano tu, Chuo A kinatangaza ufaulu wa asilimia 90. Ukichimba unakuta waliokaa kwenye mtihani walikuwa 70 na 63 wakafaulu. Asilimia 90 ni kweli. Ila darasa hilo lilianza na wanafunzi 120. Hao 50 wengine walidisko (waliondolewa kwa kufeli), wanarudia mwaka, au waliishiwa ada wakaondoka. Katika kila mia walioingia, waliotoka na cheti kwa wakati ni 52 hivi.

Chuo B kinatangaza asilimia 85, bango lake halivutii. Walianza 60, wakakaa 54, wakafaulu 46. Katika kila mia walioingia, 76 na zaidi walimaliza kwa wakati.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mkuu wa taaluma ni hili, neno kwa neno: "Darasa lililomaliza mwaka jana, mwaka wa kwanza walikuwa wangapi, na waliofaulu wote bila sapu wala kurudia mwaka ni wangapi?" Sapu ni mtihani wa kurudia somo ulilofeli. Kisha nyamaza, umwache ajibu. Akirudi kwenye asilimia, muulize tena kwa idadi ya vichwa. Usiporidhika, nenda kwa wanafunzi: kila darasa lina CR, kiongozi wa darasa, na CR anajua walianza wangapi kwa sababu ndiye mwenye orodha ya majina.

Kuwa mwadilifu pia. Chuo kinachopokea watoto wa familia za kipato kidogo kitapoteza wengi kwa ada, na hilo halina maana kuwa hakifundishi. Uliza walioondoka waliondokea nini. Kama wengi ni ada, na wewe ada unayo, jambo hilo halikuhusu sana. Kama wengi ni sapu za somo lile lile mwaka hadi mwaka, basi hapo kuna somo lisilo na mwalimu.

Hatua ya 5: Nenda hospitalini kabla ya kwenda chuoni

Tabibu anafundishwa kwa wagonjwa. Lazima apite wodi za magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya wanawake. Chuo kisicho na hospitali yake hutegemea makubaliano na hospitali ya wilaya au ya mkoa, na hospitali hiyo hiyo huenda imebeba vyuo vingine vitatu.

Vipo vyuo vya taasisi za dini vilivyoota pembeni mwa hospitali zao, kama kule Haydom au Ilembula, ambako mwanafunzi anatoka bwenini na kuingia wodini kwa miguu. Vingine viko ghorofani mjini, juu ya maduka ya simu. Simaanishi kwamba cha ghorofani hakifai, ila kina maswali mengi zaidi ya kujibu.

Nenda hospitali asubuhi, wakati wa mzunguko wa madaktari wodini. Kaa kwenye benchi nje. Hesabu makoti meupe yanayomfuata daktari mmoja. Wakiwa wanane, sawa. Wakiwa thelathini, wa nyuma anaona mgongo wa mwenzake. Muulize muuguzi wa zamu, kwa adabu, wanafunzi wa chuo fulani wakoje na huwa wanasimamiwa na nani. Wauguzi hawana sababu ya kukipamba chuo cha mtu.

Hatua ya 6: Kagua chuo kwa nusu siku

Haichukui muda. Hesabu walimu wa kudumu na ulinganishe na majina kwenye ratiba. Ukikuta jina moja limebeba masomo matano, umeelewa. Ingia skili labu, chumba cha mazoezi ya vitendo, uone kama midoli ya mafunzo imewahi kuguswa au bado ina nailoni. Hesabu viti vya darasa la mwaka wa kwanza, kisha linganisha na ile idadi ya nafasi uliyoiandika hatua ya 1. Chuo kilichoruhusiwa wanafunzi 100 na kina 180 darasani, hao 80 wa ziada hawajulikani wataishia wapi. Mwanao asiwe mmoja wao.

Maktaba nzuri, bustani na basi lenye jina la chuo visikuchukue akili.

Hatua ya 7: Fuatilia waliomaliza

Tafuta watano wa kila chuo, waliomaliza miaka miwili au mitatu iliyopita. Waulize mambo manne tu: matokeo yalitoka lini baada ya mtihani, transkripti na cheti walivipata baada ya muda gani, usajili na leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika waliipata lini, na sasa wanafanya nini na wapi.

Swali la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. Anayetaka kwenda chuo kikuu anahitaji namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, kutoka NACTVET, na namba hiyo haipatikani kama chuo hakijawasilisha matokeo yake. Mtu anaweza kuwa na GPA ya 3.6 akakosa udahili wa mwaka mzima kwa sababu ya karani mmoja. Hilo nalo ni gharama, liandike.

Kuhusu ajira, usidanganyike na "wahitimu wetu wote wameajiriwa." Nafasi za serikali hutangazwa na kuombwa kwa mfumo wa mtandaoni, kupitia TAMISEMI au Sekretarieti ya Ajira, na fomu haimpi mtu alama kwa sababu ya jina la chuo. Tofauti ya vyuo utaiona kwenye zahanati na hospitali za binafsi na za mashirika ya dini, ambako mganga mfawidhi anakumbuka wanafunzi wa fildi waliojua kazi. Kwa hiyo uliza wangapi waliajiriwa pale walipofanyia fildi. Ukisikia watatu kati ya watano, chuo hicho kinafundisha.

Hatua ya 8: Pima jinsi ada inavyolipwa

Awamu mbili au nne? Asiyemaliza ada anazuiwa mtihani, au anaruhusiwa kwa maandishi? Akiacha muhula wa kwanza, kuna kinachorudishwa? Familia ya mkulima anayeuza mazao mara moja kwa mwaka inaweza kushindwa chuo cha bei ndogo chenye awamu mbili, ikamudu cha bei kubwa chenye awamu nne.

Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo, HESLB, inatoa mikopo kwa ngazi ya stashahada katika fani za kipaumbele. Fani za afya zimo, ila si kozi zote za afya. Soma mwongozo wa mwaka husika mstari kwa mstari na uone kama kozi yenyewe imetajwa. Mpaka uione kwa macho, piga hesabu kana kwamba mkopo haupo.

*Angalizo kubwa:* lipa kwenye akaunti ya benki yenye jina la chuo, au kwa namba ya malipo iliyotolewa na chuo. Usitume ada kwenye namba ya simu ya mtu, hata akijitambulisha kuwa ofisa udahili. Madalali wa vyuo wapo, wanalipwa kwa kichwa, na hawatakuwepo mwaka wa pili.

Hatua ya 9: Weka pamoja

Chukua gharama yote ya hatua ya 3, igawe kwa sehemu ya wanaomaliza kwa wakati ya hatua ya 4. Kwa mfano wetu: Chuo A, 12,500,000 gawanya kwa 0.525, unapata kama 23,800,000. Chuo B, 11,750,000 gawanya kwa 0.767, unapata kama 15,300,000. Hesabu hii ni ya kibabe kidogo, kwa kuwa anayeacha mwaka wa kwanza hakulipa ya miaka mitatu. Lakini inakuonyesha uzito wa kutomaliza, kitu ambacho fomu ya kujiunga haikuandikii.

Kisha jiulize: akirudia mwaka mmoja, itanigharimu kiasi gani? Chuo A, ukijumlisha ada, michango, chumba, chakula na nauli, ni 4,050,000. Kama fedha hiyo huna kabisa, chuo ambacho wengi hurudia mwaka hakikufai, hata kingekupunguzia ada nusu.

Namba zikikaribiana, yaani tofauti ikiwa chini ya laki tano hivi, achana nazo. Amua kwa hospitali, ile hatua ya 5.

Ukikwama

*Chuo kimekataa kutoa idadi ya walioanza na waliomaliza.* Pata kwa wanafunzi. Ukishindwa huko pia, chukulia kuwa nusu tu ndio humaliza kwa wakati, uendelee na hesabu.

*Vyuo vyote viwili ni vipya, havijatoa wahitimu wa ngazi ya 6.* Hatua ya 4 na ya 7 hazina majibu. Pima hospitali na walimu tu. Na ujue unabeba hatari ambayo ilistahili kupunguziwa ada; ombeni punguzo, vyuo vipya hutoa.

*Dirisha la udahili linafungwa wiki hii na sijaenda kuona chochote.* Huwa kuna awamu zaidi ya moja za udahili, na baadhi ya miaka kuna dahili ya Machi. Dalali akikuambia "nafasi mbili zimebaki," thibitisha tarehe kwa NACTVET. Kama kweli muda umekwisha, fanya hatua ya 1, 2 na 5. Hizo tatu zinamalizika kwa siku mbili.

*Kijana anang'ang'ania chuo fulani kwa sababu rafiki zake wako huko.* Mpe daftari na kalkuleta, afanye hatua ya 3 na ya 4 mwenyewe, awapigie hao hao rafiki zake simu.

*Ameshaanza Chuo A, sasa tunaona tulikosea.* Uhamisho upo, ila hufuata utaratibu wa NACTVET na chuo kinachompokea lazima kiwe na nafasi kwenye kozi hiyo hiyo. Amalize mwaka, apate matokeo yaliyothibitishwa, ndipo aombe. Akiondoka katikati ya muhula hupoteza ada na muhula. Na kabla ya kumlipia popote pengine, ingia kwenye tovuti ya NACTVET sehemu ya kuhakiki taarifa za mwanafunzi, uone kama jina lake linasoma pale alipo.